Kisu cha Mfukoni na Mboga za Kihamba

(Hotuba iliyotolewa shuleni siku ya kukutana kwa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mtumishi wa serikali, Dodoma. Alisoma hapa kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.)



 

Kamati iliponiomba nizungumze siku ya leo, iliniachia nichague mwenyewe la kusema. Wenzangu walionitangulia katika miaka iliyopita wamezungumza juu ya uchumi, ajira na maadili, na wamezungumza vizuri. Mimi nimechagua jambo dogo, linaloingia mfukoni. Nataka kuzungumza juu ya kisu kidogo cha kukunja, na jinsi ya kuvuna mboga kwa kisu hicho. Nawaona wengine mnacheka. Chekeni, lakini mwisho wa maneno yangu lipo ombi, na ombi hilo linahitaji fedha zenu.

Tuanze na nyumbani. Sote tuliozaliwa kwenye miteremko ya mlima huu tunajua kihamba ni nini. Ni shamba linaloizunguka nyumba, kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako juu kuna miti kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi, maharage na mboga za majani. Ng'ombe yuko zizini, samadi inarudi kwenye migomba, na maji yanashuka kwa mfongo kutoka mtoni. Mwaka 1984 wataalamu watatu, Fernandes, Oktingati na Maghembe, waliandika juu ya vihamba hivi katika jarida la kimataifa. Walieleza kwamba kihamba kilikuwa na wastani wa hekta 0.68 tu, na kwamba ndani ya vihamba hivyo mlikuwa na aina zaidi ya 100 za mimea. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, hapo juu ya mji wetu wa Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima.

Sasa niwaulize. Katika urithi huo wa dunia, nani anayeingia kila asubuhi kuchuma? Ni mama. Kahawa ilikuwa ya baba, ikapelekwa chamani, na tangu mwaka 1933 tukawa na KNCU, tukajivuna. Mboga ilikuwa ya mama, na hakuna aliyeiandika katika kitabu cha chama. Lakini bei ya kahawa ilipoanguka mboga iliendelea kuota, na wengi wetu tulioketi hapa tulilipiwa daftari na sare kwa mafungu ya mnafu na mchicha yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba na kupelekwa Mbuyuni, Marangu Mtoni au Mwika.

Mama zetu wengi huchuma mnafu kwa kucha. Kidole gumba na cha shahada hukutana, ncha laini inakatika, basi. Kwa mnafu mchanga hiyo ni njia safi wala sitaki kumfundisha mama yangu kazi yake. Lakini shina likishakomaa kucha haitoshi, na mtu mwenye haraka huvuta. Akivuta, ama analichana shina, ama mmea mzima unatoka na mizizi yake. Hapo ndipo kisu kinapohitajika.

Nitawapa mfano wa hapa hapa shuleni. Katika miaka ya tisini, nilipokuwa mwanafunzi, bustani ya shule ilikuwa kule chini ya mfereji, na kila bweni lilikuwa na matuta yake. Vijana walipotumwa mboga za jikoni waling'oa mchicha kwa mikono miwili ili wamalize upesi wakacheze mpira. Tuta likawa tupu kwa siku moja, na jioni zilizofuata tukala ugali na maharage peke yake mpaka mchicha mwingine uote. Mwalimu wetu wa kilimo hakutukaripia. Alichagua matuta mawili yaliyopandwa siku moja, akayapa mabweni mawili. Bweni la kwanza liliambiwa ling'oe kama kawaida. Bweni la pili lilipewa visu vitatu na kuambiwa likate shina kiganja kimoja juu ya ardhi, juu kidogo ya mahali jani linapotokea. Tuta la kwanza lilivunwa mara moja. Tuta la pili lilichipua pembeni, likavunwa tena baada ya wiki mbili hivi, na tena, na tena, hadi lilipoanza kutoa mbegu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, na yale mabweni yalianza kugombania visu.

Wadogo zangu, hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Kwenye kila kifundo, pale jani linapoungana na shina, pana jicho lililolala. Ukiikata ncha ya juu, macho ya chini huamka na kutoa machipukizi. Ndiyo maana mnafu ukikatwa huwa kichaka, na usipokatwa huenda juu, ukatoa maua na matunda, majani yakawa madogo na machungu zaidi. Kabichi nayo, ukikata kichwa na kuliacha shina na majani ya nje, aghalabu hutoa vichwa vidogo vinavyotosha mchuzi wa siku moja. Spinachi na sukuma wiki huvunwa majani ya chini na ya nje kwanza, ukayaacha yale machanga ya katikati yaendelee kuulisha mmea. Pilipili hoho na nyanya chungu usizivute, kwa sababu tawi hukatika pamoja na maua ya wiki ijayo. Kata kikonyo, na tunda lenye kikonyo chake halinyauki upesi sokoni. Karoti sina la kusema, karoti ing'oe.

Vuna asubuhi, kabla jua halijapanda, wakati majani bado yamejaa maji. Anza na mimea mizima na umalize na ile yenye dalili za ugonjwa, maana kisu hubeba utomvu kutoka mmea hadi mmea. Jambo hili si dogo. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, ambao mwaka 2006 ulithibitishwa mkoani Kagera, husafiri pia kwa panga na kisu cha mkulima mwenyewe. Kwa hiyo kisu kilichogusa mgomba kisiingie kwenye mgomba mwingine kabla ya kupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya klorini.

Sasa ni kisu gani? Hapa najua kila mmoja ana mapenzi yake, na tukianza ubishi hatutakula chakula cha mchana. Wazee wetu walikuwa na visu vilivyofuliwa Mamba, ambako ukoo wa wafua chuma umeishika kazi hiyo tangu enzi za mababu. Zamani chuma kilitoka kwa Wapare wa Ugweno, kwa Washana waliojua kukiyeyusha. Siku hizi hutumika chuma chakavu. Visu hivyo havikunjwi, lakini makali yake nayaheshimu.

Kisu ninachokipenda mimi ni Okapi, hiki hapa, chenye mpini wa mti uliopambwa kwa mwezi na nyota. Historia yake inatuhusu. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na nchi yetu wakati huo ilikuwa mojawapo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Chuma chake hushika kutu upesi ukikiacha na maji, lakini hunoleka kwa jiwe lolote zuri la mtoni. Wenzetu walioko Ulaya hutuletea Opinel ya Ufaransa, ambayo Joseph Opinel aliianza mwaka 1890 kwa ajili ya wakulima wa milima ya Savoie, watu wa mlimani kama sisi. Wengine huleta Victorinox ya Uswisi, yenye mkasi, kizibuo na vitu vingine ambavyo mnafu hauvihitaji. Ninawakumbusha tu wasafiri kwamba kisu kikae kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ukikiweka kwenye mkoba wa mkononi kitaishia uwanjani.

Kisu chochote kati ya hivyo kinafaa, mradi kiwe kikali. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na mimi naongeza kuwa ndiye mla mboga pia. Kisu butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na hapo ndipo kinapoteleza na kukata kidole. Kinoe, kifute, kipake tone la mafuta ya kula kwenye bawaba, ukikunje.

Ndugu Mwenyekiti, mbona nasema yote haya kwa watu wazima wenye vyeo? Kwa sababu vihamba vyetu vinakufa, na ni sisi tunaoviacha vife. Kila Desemba tunapanda nyumbani kwa mamia ya magari kula Krismasi na wazee. Njiani tunasimama kununua kabichi na nyanya, na nyuma ya nyumba mboga imeota hadi imetoa mbegu kwa kuwa mama amezeeka na hawezi tena kuinama. Tunajenga ukuta, tunamwaga zege pale palipokuwa na magimbi, kisha tunasema kihamba hakilipi. Kihamba hakivunwi kwa siku tatu za Krismasi. Mboga inamtaka mtu anayekwenda leo akate kidogo, kesho kutwa akate kidogo, na katika kwenda huko anaona mfongo ulioziba, mgomba ulioinama na wadudu chini ya jani kabla hawajaenea. Mtu asiyevuna hayaoni hayo, na kihamba asichokiona mtu huuzwa kipande kwa kipande.

Mimi mwenyewe nakaa Dodoma, ambako watumishi wengi tulihamia tangu mwaka 2016, na mvua yake mnaijua. Nyuma ya nyumba nina matuta mawili na magunia sita yenye udongo na samadi, na mbegu ya mnafu kutoka kwa mama. Maji ya kuoshea mboga ndiyo ya kumwagilia. Watoto wangu wawili, wa kiume na wa kike, kila mmoja ana zamu yake ya kukata, na mimi nasimama karibu. Hawajui bado Kichaga cha kutosha, lakini wanajua mnafu unakatwa wapi.

Sasa nije kwenye ombi. Bustani ya chini ya mfereji leo ni nyasi, na shule inanunua mboga sokoni. Nimeambiwa sababu moja ni kwamba vijana hawaruhusiwi kuwa na visu. Sheria hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili: kisu hakina kazi bwenini. Lakini kisu kina kazi bustanini. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi sifiki huko. Nasema mfundishe kwanza, kisha mpe, na baada ya kazi mnyang'anye.

Napendekeza chama chetu kinunue visu ishirini vya aina moja, kila kimoja kiwe na namba, vikae katika kabati la mwalimu wa kilimo chini ya kufuli. Kiranja wa bustani avichukue kwa saini asubuhi na kuvirudisha kwa saini kabla ya kipindi cha kwanza. Kikikosekana kimoja, hakuna anayeondoka mpaka kipatikane. Tununue pia mawe ya kunolea, na tugharimie kuuzibua mfereji. Wazee wetu wanaokaa jirani na shule, na hasa kina mama, waalikwe kuja kuwafundisha vijana. Na vijana wasidhani hii ni kazi ya wanawake; mwenye kula ni mwenye kukata.

Mimi naanza na visu viwili, hivi hapa mezani. Vimebaki kumi na vinane. Ndugu Katibu anayo daftari, nanyi mnayo mifuko.