Maji ya Taru: Kabla ya Kushuka Garini



Wakazi wengi wa Diani na Msambweni huipita Taru mbioni wakielekea Nairobi. Dirishani huona vichaka, vumbi jekundu na mbuzi, wakasema hapa hapana kitu. Lakini jangwa hili la Nyika lina maziwa yake madogo: ngurunga, yaani mashimo ya asili kwenye mwamba, ambamo maji ya mvua hutuama.

Misafara iliyotoka pwani kwenda Taita na Kilimanjaro ilitegemea maji hayo. Aliyekuta ngurunga zimekauka alikuwa na safari ndefu ya kiu mbele yake. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanyakazi katika sehemu hii yalibidi kuletwa kwa treni. Mwamba wenyewe unajulikana hata kwa wanajiolojia, ambao wameupa jina la Taru.

Siku hizi safari ni nyepesi. Kutoka Diani, mtu hupita Dongo Kundu bila kungoja feri, akaingia barabara kuu, akapita Mariakani, Maji ya Chumvi na Samburu, ndipo afike Taru. Wakati mzuri ni baada ya masika au vuli.

Jambo la kukumbuka ni moja: maji hayo yana wenyewe. Kwa mgeni ni mandhari ya kupigia picha. Kwa mfugaji ni siku kadhaa zaidi kabla ya kuhamisha ng'ombe. Shimo la mwamba halina chemchemi chini yake. Sabuni ikiingia, au mafuta ya gari, hubaki humo mpaka mvua nyingine.

Kwa hiyo, gari liegeshwe mbali na lami, maana malori hayana breki za ghafla. Bisheni hodi kijijini na mwombe mwenyeji awaongoze. Watoto washikwe mikono. Mwamba uliolowa huteleza, na kina cha maji hakionekani kwa macho. Msioge wala kufua humo. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani, na chupa tupu zirudi nanyi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Atakayekwenda Taru anunue mkaa wa mwenyeji? La, miti ibaki. Anunue asali, maziwa au mbuzi, na maji ayaache kama alivyoyakuta.