Bunduki mpya haijui shabaha

Juma hili napenda tuzungumze juu ya bunduki. Siyo bunduki ya vita wala ya jambazi, bali bunduki ya kuwindia, ile ya kukoki kwa mkono, ambayo kila baada ya risasi moja mpigaji huinua kitasa, hukivuta nyuma ili ganda litoke, kisha hukisukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Najua wapo watakaosema kwamba jambo hili linawahusu wachache wenye leseni. Nawaomba wasizime redio. Linamhusu hata mama anayekwenda kuchota maji mtoni alfajiri, na punde nitaeleza kwa nini.

Sisi wa Namtumbo tunaishi katika njia ya wanyama. Kaskazini yetu ni Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, ni hifadhi ya Niassa ya Msumbiji. Katikati ndipo yalipo mahindi yetu, mpunga wetu na tumbaku yetu, na ndipo tembo na nyati wanapopita kwenda na kurudi. Ndiyo maana tangu wakati tulipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Songea, kabla Namtumbo haijawa wilaya mwaka 2002, vijiji vya huku vilikwisha kuwa na askari wanyamapori wa vijiji. Chuo cha Likuyu Sekamaganga kimefundisha vijana wengi kazi hiyo, na leo jumuiya za hifadhi kama Mbarang'andu zinawategemea. Mnyama akitishia maisha ya watu, askari mwenye bunduki ndiye anayeitwa.

Sasa tuseme bunduki mpya imefika. Sanduku linafunguliwa, chuma kinang'aa, ubao unanukia mafuta, kila mmoja anataka kuishika. Kesho yake inapelekwa porini. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu bunduki iliyotoka sandukuni haijawa bunduki kamili. Kiwanda kimetengeneza mtutu na kitako. Hakikumjua mtu atakayeipiga, wala risasi atakazotumia, wala pori atakaloingia.

Risasi ya 375, ambayo kampuni ya Holland & Holland ya London iliitoa mwaka 1912 na mpaka leo inategemewa sana kwa wanyama wakubwa wa Afrika, ina uzito wa gramu zipatazo 19 na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde. Ni nguvu kubwa. Lakini nguvu hiyo haifai kitu ikiwa itapita kando ya moyo na mapafu. Nyati aliyepigwa tumboni hafi pale pale. Huingia kwenye matete akasimama kimya, na maumivu yake humgeuza kuwa adui wa kila apitaye. Mpigaji anaweza kurudi nyumbani akalala. Atakayekutana na nyati huyo kesho yake ni yule mama mwenye ndoo. Kwa hiyo, ndugu zangu, kuitayarisha bunduki ni ulinzi wa watu, wala si anasa ya wapenda silaha.

Basi kazi ianze wapi? Ianze kwa kuhakikisha kwamba bunduki haina risasi, kisha kwa kitambaa na fimbo ya kusafishia. Kiwandani mtutu hupakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yaondolewe yote, ndani ya mtutu na ndani ya kitasa, kwani mafuta yakiganda humzuia msumari wa kugonga risasi kwenda kwa kasi yake. Kisha isomwe namba iliyochongwa kwenye mtutu, ilinganishwe na namba iliyoko chini ya ganda la risasi. Zisipofanana, kazi isimame hapo hapo.

Pili, ubao. Bunduki kubwa ina teke kali, na teke hilo hupokelewa na jino la chuma lililo chini ya mtutu, linaloegemea ubao. Jino hilo lisipokaa sawasawa, ubao hupasuka, mara nyingi nyuma ya kitasa, pale panapokuwa pembamba. Skrubu za kushikilia chuma na ubao zikazwe, na zitazamwe tena baada ya risasi chache za kwanza. Fundi mzuri hulaza jino hilo katika gundi ya epoksi ili liegemee pote, akiwa ameupaka upande wa chuma nta au rangi ya viatu ili gundi isikishike. Ni kazi ndogo, na katika mabadiliko yote ambayo mtu anaweza kuifanyia bunduki mpya, sioni yenye faida kuipita hii. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ubao wa bunduki ukipasuka hauzibwi kwa maneno.

Kitako nacho kina kipimo chake. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa watu warefu wa nchi za baridi, wanaovaa makoti. Kijana wetu mfupi akiiweka begani, kichwa hakifiki mahali pake na jicho haliupati mstari wa kulengea. Ataanza kunyoosha shingo, teke litampiga shavuni, na kuanzia siku hiyo atafumba macho kila anapofyatua. Fundi akate kitako kidogo, aweke na mpira mwishoni. Mtu asiyeiogopa bunduki yake hulenga vizuri.

Tatu, magazini. Sisemi kijiji chetu cha Magazini, bali kile chumba cha risasi chini ya kitasa. Kijazwe risasi bandia, zile zisizo na baruti wala fataki, kisha kitasa kivutwe na kusukumwa, polepole kwanza, halafu kwa nguvu na upesi, mara nyingi. Kila risasi iingie na kila moja itoke. Bunduki za asili ya Mauser ya mwaka 1898, ambazo ndizo nyingi katika uwindaji wa wanyama wakubwa, zina kucha ndefu ya chuma inayoshika ukingo wa risasi tangu inapotoka magazini. Ni mpango wa kuaminika sana, lakini unataka mkono usioogopa: kitasa kivutwe mpaka mwisho. Anayekivuta nusu atasikia mlio wa chuma kitupu, nyati akiwa hatua kumi mbele yake.

Nne, sefti na kifyatulio. Hapa nawaomba askari wasikilize kwa makini. Bunduki za Brno aina ya ZKK 602, zilizotengenezwa Chekoslovakia, zipo ambazo sefti yake huvutwa nyuma ili bunduki ipige, hali bunduki za CZ 550 zilizofuata husukumwa mbele. Aliyezoea moja akapewa nyingine bila mazoezi, kidole chake kitamsaliti. Aidha, CZ 550 nyingi zina kifyatulio ambacho kikisukumwa mbele kwanza huwa chepesi kama unyoya. Hicho kinafaa kwa kulenga karatasi. Katika kichaka, mkono ukitetemeka na jasho likitoka, ni hatari. Uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili unatosha kwa kazi yetu. Na mtu asijaribu kusugua kifyatulio kwa tupa nyumbani. Kazi ya kukigusa ni ya fundi wa silaha anayetambuliwa. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, sembuse kuichezea.

Tano, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuipima shabaha. Bunduki iwekwe juu ya mifuko ya mchanga, kitako na ubao wa mbele viegemee, mtutu usiguse kitu. Tuanze na mita 25, kisha mita 50, kwa kuwa katika vichaka vya kwetu ni nadra kumpiga nyati au tembo kutoka mbali zaidi ya hapo. Zipigwe risasi tatu bila kubadili kitu. Zikikaa pamoja, hata kama ziko mbali na alama, bunduki ni nzima. Linalobaki ni kuzihamisha. Zikitawanyika, tusiguse vilengeo. Turudi kwenye skrubu, kwenye ubao, au kwenye bega la mpigaji.

Kanuni ya kuhamisha ni rahisi. Kilengeo cha nyuma, ule mwanya ulio karibu na jicho, husogezwa upande ule ule ambao tunataka risasi iende. Kilengeo cha mbele, ile ncha iliyo karibu na mdomo wa mtutu, huenda kinyume chake. Tuseme risasi zinapiga sentimita 10 chini ya alama katika mita 50, na kati ya vilengeo viwili pana sentimita 60. Ncha ya mbele ipunguzwe milimita 1.2 tu. Mnaona jinsi kipimo kilivyo kidogo! Milimita moja ya chuma ni tofauti kati ya moyo na tumbo.

Na risasi zikibadilika, upimaji urudiwe. Risasi ngumu ya tembo na risasi laini ya pofu hazipigi mahali pamoja, hata zikitoka katika mtutu mmoja.

Baadhi yenu mtauliza, je, darubini? Darubini ni nzuri, hasa jioni mwanga unapopungua. Lakini iwe ya kukuza kidogo, ifungwe kwa chuma imara, na ikae mbali na jicho sentimita nane au tisa, la sivyo teke litampasua mpigaji juu ya nyusi. Isitoshe, ije mwisho. Nimeona watu wakitamani darubini kwa bunduki ambayo hata skrubu zake hazijakazwa. Huko ni kujenga paa kabla ya msingi.

Sasa nazungumza na wenye mafungu: halmashauri, jumuiya za hifadhi, na wafadhili wenye nia njema. Kununua bunduki ni jambo linaloonekana, na picha yake hupendeza. Risasi za mazoezi hazipigwi picha, kwa hiyo husahauliwa katika bajeti. Kijana hupewa bunduki na risasi tano, kisha huambiwa akawalinde watu. Risasi hizo hazitoshi hata kupimia shabaha. Mimi nasema, kila bunduki mpya ije na risasi zisizopungua 40 za kupima na kujifunza. Kumi na mbili zitakwisha kwenye mifuko ya mchanga. Zilizobaki askari wazipige wakiwa wamesimama, wakiegemea vijiti, wakiwa wamechoka baada ya kutembea, kwa sababu porini hakuna meza. Kama fedha hazitoshi bunduki mbili na risasi, ninunuliwe moja pamoja na risasi zake.

Kadhalika kila bunduki iwe na daftari lake: ilipimwa lini, kwa risasi gani, kwa umbali gani, na nani. Daftari ni bei ya soda. Mazoezi ya kukoki na kufyatua bila risasi, baada ya kukagua mara mbili kwamba chumba ni kitupu, hayana bei kabisa; yanaweza kufanywa kila jioni. Na masika yakianza, mtutu ufutwe kila siku na ukaguliwe kabla ya kutoka, kwani tope dogo mdomoni mwake linatosha kuupasua.

Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Askari akikosa, husema bunduki mbovu. Mwenye bajeti husema askari mbovu. Mnyama aliyejeruhiwa hasikilizi hoja za yeyote kati yao. Tuwape vijana wetu silaha zilizopimwa, na muda wa kuzizoea, ili akiitwa shambani risasi moja imalize kazi, na njia ya mtoni ibaki salama.