Kwa Nini Picha ya Gazeti Haikuziki

Nimeambiwa niseme juu ya kazi yangu ya uchapaji, tena kwa ufupi, kwa kuwa chakula kiko tayari. Nitajitahidi.

Mwaka jana tulimzika mwenzetu wa darasa moja. Siku mbili kabla ya maziko mwanawe alinijia na ukurasa uliokatwa katika toleo la zamani la jarida hili. Palikuwa na picha ya timu ya mpira, baba yake akiwa wa tatu kutoka kushoto. Akasema, "Baba mdogo, hii ndiyo picha pekee ya ujana wake tuliyo nayo. Tukuzie uso, tuuweke juu ya jeneza." Nilijua haitawezekana, lakini nani angemjibu hivyo mtoto aliyefiwa? Nikaichukua.

Jambo lenyewe ni hili. Mashine ya chapa haina wino wa kijivu. Ina wino mweusi na karatasi nyeupe, basi. Kijivu mnachokiona ni macho yenu yanavyochanganya vitone. Penye giza vitone ni vikubwa hata vinashikana. Penye mwanga ni vidogo kama ncha ya sindano. Lakini nafasi kati ya kitovu cha kimoja na cha kingine haibadiliki. Zamani tulivipata kwa kuweka mbele ya filamu kioo chenye mistari iliyokatana kama wavu. Siku hizi hupangwa na kompyuta. Gazeti la New York liitwalo Daily Graphic lilichapa picha ya namna hiyo tarehe 4 Machi 1880, na kanuni ni ile ile hadi leo.

Sasa hesabu, na wanafunzi mnisahihishe nikikosea. Magazeti mengi huchapwa kwa safu 65 hadi 85 za vitone katika kila inchi, maana karatasi yake hunywa wino, na vitone vikikaribiana mno vinageuka tope. Majarida ya karatasi laini hufika 133 au 150. Ukurasa ule niliupima: safu 85. Uso wa marehemu ulikuwa milimita 6 kwa 8, yaani vitone 20 kwa 27. Sura nzima ya mwenzetu, pamoja na lile tabasamu lake la ujeuri, haikuzidi vitone 540. Hata skana iwe kali namna gani, itakuza vitone tu. Najua ziko programu za kompyuta zinazobuni kisichokuwapo. Zitakupa uso safi, lakini si wake.

Nikaona niichape kwa kuikuza kidogo tu. Hapo likazuka balaa la pili. Chukueni chandarua mkiweke juu ya chandarua kingine: mtaona mawimbi ambayo hayamo katika chochote kati ya hivyo viwili. Ndivyo inavyokuwa ukitia vitone vipya juu ya vya zamani. Shavu la marehemu likatoka na michirizi. Ndiyo sababu katika picha za rangi, ambazo kwa hakika ni picha nne zilizopandana, kila wino hupewa pembe yake: kwa kawaida nyeusi digrii 45, sayani 15, magenta 75, na manjano, kwa kuwa macho huiona kwa shida, 0. Ukizikosea, hata embe litaota mawimbi.

Mwishowe niliutia ukurasa mzima katika fremu, kwa ukubwa wake ule ule. Mjane aliusogelea sana, akakunja uso, kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Huyo ndiye."

Picha halisi ya timu ile ilipelekwa kwa mchapaji wa wakati ule, wala haikurudi. Kwa hiyo wenzangu, kama mnazo picha za shule majumbani, na hasa negativu zake, mpeni Katibu kabla ya mkutano ujao. Kurasa zilizokatwa msilete. Nanyi vijana, kioo changu cha kukuzia kiko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na gazeti la leo. Njoni mtazame kabla wazee hawajamaliza wali.