Kukatisha Mkataba wa Kufundisha Ughaibuni: Mada kwa Walimu wa Kibera na Kawangware

Mkataba wa kazi ya nje, kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, ni mkataba unaofungwa Kenya kwa kazi itakayofanywa, yote au sehemu yake, nje ya nchi. Kuukatisha ni kuacha kazi kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa. Notisi, kipindi cha majaribio na kiinua mgongo vinajulikana kwa mwalimu yeyote aliyewahi kuajiriwa. Havihitaji maelezo hapa.

Wahusika wakuu ni walimu wa shule za APBET, zile za elimu mbadala zilizotapakaa Kabiro, Gatina, Makina na Sarang'ombe. Wapo wenye nambari ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ambao Tume haijawaajiri. Mshahara wao hutegemea karo, na karo hutegemea kibarua cha mzazi. Kwa hiyo nafasi ya kufundisha Dubai, Riyadh au Doha haijadiliwi sana nyumbani, inachangiwa.

Sheria za huko hazifanani. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria nambari 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2, 2022, inataka notisi ya siku 30 hadi 90. Ndani ya majaribio, yasiyozidi miezi 6, anayerudi kwao hutoa notisi ya siku 14, na anayehamia mwajiri mwingine humohumo nchini hutoa ya mwezi mmoja. Anayeacha kazi bila sababu halali hunyimwa kibali kipya cha kazi kwa mwaka 1, na asiyetimiza mwaka kazini hana kiinua mgongo. Saudia inabana mfuko zaidi. Kifungu cha 77 cha sheria yake ya kazi kinaruhusu anayevunja mkataba wa muda maalumu bila sababu halali adaiwe mshahara wa muda uliobaki, isipokuwa mkataba wenyewe umetaja fidia nyingine. Kifungu hichohicho humlinda mwalimu shule inapomfukuza, jambo ambalo mawakala husahau kulitaja.

Yote hayo yanamhusu mwalimu mwenye mkataba. Donda lenyewe ni kwamba wanaokwama mara nyingi hawana.

Kifungu cha 83 cha Sheria ya Ajira kinataka mkataba wa kazi ya nje uwe katika fomu maalumu, utiwe saini na pande zote, kisha ushuhudiwe na afisa wa kazi. Kifungu cha 84 kinamkataza afisa kuushuhudia kabla ya kuridhika kwamba mwalimu hakulazimishwa wala kudanganywa, na kwamba ameelewa masharti. Cha 85 kinamtaka mwajiri asiyeishi Kenya aweke dhamana yenye wadhamini walio nchini. Cha 86 kinamwadhibu anayemshawishi mtu asafiri kwa mkataba usio rasmi. Kinga imekamilika, kwenye karatasi.

Mtaani mambo huenda vingine. Ajenti huleta viza ya matembezi na barua ya ofa iliyotumwa kwa simu, pamoja na ahadi kwamba viza itabadilishwa mwalimu akishafika. Mkataba halisi hutokea baada ya kutua: umeandikwa kwa Kiarabu, mshahara umepungua, na mwalimu wa darasa amekuwa msaidizi wa watoto wachanga. Akitia saini, Nairobi hakuna karatasi ya kulinganisha. Akikataa, yeye ni mgeni ambaye viza yake inakwisha, na mgeni hana kazi ya kujiuzulu. Sheria ya Falme za Kiarabu inamtwika mwajiri gharama za kuajiri na kumkataza kushikilia hati za mfanyakazi. Lakini pesa alizokopeshwa na chama chake cha akiba zimeshaliwa na ajenti, na vyeti vimefungiwa kwenye kabati la shule. Kinachomzuia kuondoka ni deni na vyeti hivyo.

Si haki kuitupia ofisi ya kazi lawama yote, maana afisa hawezi kushuhudia karatasi ambayo hajaletewa. Hata hivyo, sheria ya 2007 bado inaelezwa katika warsha kana kwamba imepitishwa juzi.

Inapendekezwa kwamba mwalimu asipande ndege kabla mkataba haujashuhudiwa. Ajenti akaguliwe kwanza katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Chama kinachokopesha nauli kidai nakala yenye mhuri kabla ya kutoa pesa. Hatua hiyo peke yake ingezuia mengi kuliko semina. Walimu wakuu wasitoe barua ya sifa kwa safari ya viza ya matembezi. Vyeti asilia vikishaonyeshwa virudi mkononi mwa mwenyewe.

Aliyeko huko tayari atoe notisi kwa maandishi na ahifadhi nakala. Mwajiri akikiuka masharti, katika Falme za Kiarabu mfanyakazi anaweza kuondoka bila notisi iwapo ameiarifu wizara ya kazi ya huko siku 14 za kazi kabla, na mwajiri hajarekebisha. Kutoweka usiku humfanya mwenye haki aonekane mtoro. Kabla ya kuondoka adai mshahara, kufutwa kwa kibali cha ukaaji na barua ya uzoefu, na aijulishe ofisi ya ubalozi wa Kenya.

Na irudiwe: mkataba ushuhudiwe kabla ya safari. Aliyerejea bila kufanya hivyo aandikishe malalamishi dhidi ya ajenti mapema, angali na jumbe za M-Pesa kwenye simu.