Kizunguzungu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Tuulize Saa Kwanza

(Haya ni mazungumzo yetu na wahudumu wa afya ya jamii pamoja na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Wengine wenu mmetuuliza kwa nini tuache habari za maji na malaria tuje kuzungumza juu ya upasuaji wa kupunguza unene. Ati hayo ni mambo ya matajiri wa mjini. Haya, sikilizeni. Mtu hupasuliwa Nairobi, au husafiri hadi India au Uturuki, lakini haangukii huko. Anaangukia hapa nyumbani, jikoni karibu na moto, au kanisani watu wakiwa wamesimama, na anayemwokota ni wewe. Na mara nyingi hujui kama aliwahi kupasuliwa, kwa sababu alificha.

Kwanza tuelewane juu ya upasuaji wenyewe. Kuna aina mbili zinazofanywa sana. Katika ile moja, daktari hukata na kuondoa robo tatu hivi ya tumbo, au zaidi kidogo, na linalobaki ni jembamba kama ndizi. Katika ile nyingine, sehemu ndogo sana ya tumbo hutengwa kule juu, ya kuingia vijiko viwili vikubwa tu, ikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, hata chakula kikapita kando ya tumbo lile kubwa. Hii ya pili ilianzishwa na daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka wa 1966, kwa hivyo si jambo la jana. Imewafaa wengi wenye kisukari na presha, nasi hatukuja hapa kuilaumu. Shida ni kwamba mtu anarudi nyumbani na mwili unaofuata sheria mpya, na sisi majirani tunamhudumia kwa sheria za zamani.

Sheria yetu ya zamani mtu akizirai twaijua sote: mletee soda! Au chai yenye sukari tele. Sasa, mara nyingine soda hiyo ndiyo dawa kabisa, na mara nyingine ndiyo iliyomwangusha. Kwa hivyo kabla ya kumtuma mtoto dukani, uliza saa. Kizunguzungu kilianza lini? Alikuwa amekaa au ndio anainuka? Alikula saa ngapi, na alikula nini?

Akisema kilimpata alipoinuka kitandani au kwenye kiti, fikiria maji na presha. Tumbo dogo halipokei maji mengi kwa mara moja, na akitapika au kuhara anakauka upesi. Tena wengi walikuwa wakimeza dawa za presha kabla ya kupasuliwa. Mwili unapopungua, presha nayo hushuka, na dawa iliyomfaa akiwa na kilo 130 yaweza kuwa kali mno akiwa na kilo 90, hasa zile za kukojoza. Tangu Septemba 2023 wengi wenu mna mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, basi itumieni. Alale dakika tano, mpime. Ainuke, mpime tena kabla ya dakika tatu kwisha. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, mpeleke kliniki wamwangalie dawa zake. Msimwambie aache dawa mwenyewe. Kuhusu maji, anahitaji lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa kunywa kidogo kidogo, chupa ikae karibu naye kutwa. Ila asinywe pamoja na chakula, angoje nusu saa baada ya kula.

Akisema kilianza dakika kumi hadi thelathini baada ya kula, hasa kitu kitamu, hilo ni jambo jingine. Utamu umeshuka mbio kwenye utumbo, ukavuta maji kutoka kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linasokota, pengine anahara. Ukimpa soda hapo umemwaga mafuta ya taa motoni. Mlaze, mtulize, kwa kawaida kitapita. Siku zijazo ale kidogo kidogo mara nyingi, aanze na yai, ndengu, omena au kuku, na aachane na soda, juisi na mandazi kwa chai ya sukari. Na nyinyi wenye nyumba, tafadhali, ile tabia yetu ya kumsukumia mgeni sahani ya pili ati asije akasema tulimnyima, kwa mtu huyu si ukarimu.

Lakini akisema ni saa moja hadi saa tatu baada ya kula, tahadhari. Utamu uliingia kwa haraka, mwili ukatoa insulini kupita kiasi, sukari ya damu ikaanguka. Jambo hili mara nyingi huanza mwaka mzima au zaidi baada ya upasuaji, mtu akiwa amekwisha kusahau kwamba alipasuliwa. Anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaongea kama mlevi.

Twamjua mama mmoja, jina tuliache, aliyekuwa akianguka karibu kila Jumapili saa tano, kwenye mkutano wa chama. Alipewa dawa za malaria mara mbili. Wengine wakasema ni kifafa, na nyumbani kwake wakasema ni mapepo, akaombewa usiku kucha bila kula, jambo ambalo lilimzidishia udhaifu tu. Mumewe ndiye pekee aliyejua juu ya upasuaji, naye alikuwa ameapishwa asiseme. Dada mmoja muuguzi akampa daftari la shule, akamwambia aandike saa ya kila chakula na saa ya kila kizunguzungu. Baada ya wiki mbili likaonekana hata kwa mtoto: Jumapili baada ya Misa ya kwanza, saa tatu, alikunywa vikombe viwili vya chai tamu na mandazi, na saa tano alianguka. Siku za kazi alikula yai na uji usio na sukari, hakuanguka. Alipopimwa katikati ya kizunguzungu, sukari yake ilikuwa chini ya 3. Hapo ndipo alipomwambia muuguzi habari ya upasuaji, kwa sauti ndogo, mlango ukiwa umefungwa.

Mtu wa namna hii akiwa na fahamu na anaweza kumeza, ndiye wa kupewa sukari: vijiko vitatu vidogo ndani ya nusu gilasi ya maji. Ngoja dakika kumi na tano, pima tena. Akizinduka vizuri, ale yai au njugu, kwa maana sukari peke yake itaanzisha mchezo ule ule upya. Huna mashine? Ikiwa ni saa moja hadi tatu tangu ale, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki, mpe sukari. Afadhali tumbo limsokote kuliko sukari impotee. Akiwa amezimia kabisa usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, tafuteni gari. Na anayetumia insulini au glibenklamaidi za kisukari aweza kuanguka saa yoyote, kwa hivyo dozi yake ni lazima iangaliwe upya na daktari. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuambiwa sukari yake huwa chini, naye akaanza kutembea na pipi mfukoni akizimumunya kutwa. Pipi ni ya dharura. Akizila kila saa, ndizo zinazomwangusha.

Kuna moja lisilongoja kesho. Aliyetapika kwa wiki mbili tatu, kisha akaanza kuyumba akitembea, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, huyo amepungukiwa na thiamini, yaani vitamini B1. Akiba yake mwilini haipiti wiki mbili tatu. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na msione haya kusema waziwazi: huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, ametapika hivi, tunaomba apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi. Dripu ya sukari ikitangulia yaweza kumharibu ubongo.

Kizunguzungu kinachokuja polepole kwa miezi, pamoja na kuchoka na kuhema akipanda kilima, mara nyingi ni damu. Madini ya chuma na vitamini B12 haviingii vizuri tena, na vidonge au sindano zake ni za maisha yote, hata akijisikia mzima. Vidonge vya chuma visimezwe na chai, wala pamoja na vile vya kalsiamu, viachane kwa saa mbili. Na dawa za maumivu tunazojinunulia dukani, brufen na diclofenac, zaweza kumtoboa vidonda tumboni. Choo kikiwa cheusi kama lami, ni hospitali. Kuzirai kwenye maumivu ya kifua, vile vile.

Mmetuuliza juu ya kufunga. Sheria ya Kanisa haimfungi mgonjwa, hata ile saa moja kabla ya Komunyo haimhusu, na maji na dawa hazivunji mfungo wa mtu yeyote. Kwa hivyo asione aibu kukaa wengine wakisimama. Akina mama waja wazito waliopasuliwa wamwambie muuguzi wa kliniki mapema, maana kile kipimo cha kunywa glukosi nyingi hakiwafai.

Sasa juu ya kuficha. Watu wanaficha kwa sababu sisi tunasema. Tunasema ni uvivu, tunasema alikata tumbo ili apendeze, tunauliza pesa alizitoa wapi. Kisha anaanguka, na hakuna hata mmoja awezaye kumwambia daktari neno moja ambalo lingeokoa siku tatu za kupapasa. Hatuombi atangaze sokoni. Twaomba watu wawili tu wajue, mmoja wa nyumbani na mmoja wenu, na awe na karatasi mfukoni yenye aina ya upasuaji, mwaka, na dawa anazotumia. Na mpaka kizunguzungu kijulikane chanzo chake, asiendeshe pikipiki, wala asipike peke yake kwenye moto wa chini.

Madaftari ya kuandikia saa yako kwa katibu pale mlangoni. Kila jumuiya ichukue mawili.