Jezi ya Springboks na Mkono wa Waziri

Afrika Kusini ilipotwaa Kombe la Dunia la raga mwaka 1995, kikosini alikuwamo mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Aprili 2016, Waziri wa Michezo Fikile Mbalula aliona mabadiliko ya kuingiza wachezaji weusi timuni bado yanasuasua, akavizuia vyama vya raga, kriketi, riadha na netiboli kuomba uenyeji wa mashindano makubwa.

Hasira yake naielewa. Weusi ndio wengi nchini humo, na ubaguzi uliwafungia mlango wa timu ya taifa kwa miongo mingi. Lakini adhabu ile haikumsaidia mtoto wa Zwide, kitongoji cha Port Elizabeth alikokulia Siya Kolisi. Kolisi alipata ufadhili wa kusoma Grey, shule yenye viwanja na makocha. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa Springboks, timu ya taifa ya raga, katika mechi za kimataifa. Mwaka 2019 akainua Kombe la Dunia Yokohama.

Na wenzake aliocheza nao mitaani, wasiopata ufadhili, je? Hapo ndipo serikali ina kazi halali: ipeleke viwanja, makocha na chakula cha mchana katika shule za vitongoji, na kupanga kikosi iwaachie makocha wa timu.