Kwa Nini Muuza Duka Husita Kupokea Kadi

(Hotuba fupi ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Limeletwa pendekezo kwamba hosteli na maduka ya vikundi vya akina mama yaanze kupokea kadi za mkopo, kama Visa na Mastercard. Wageni wengi hushangaa wakiambiwa "kadi hatupokei". Kabla ya kumlaumu muuzaji, tuangalie hesabu yake.

Kwanza, makato. Muuzaji hapati fedha yote aliyolipa mteja. Sehemu hugawanywa kati ya benki iliyotoa kadi, kampuni ya kadi na benki ya muuzaji. Tuchukue mfano wa makato ya asilimia 3. Kikapu kikiuzwa sh. 20,000, zinakatwa sh. 600. Kama faida ya kikundi ilikuwa sh. 2,000, asilimia 30 ya faida imekwenda. Makato hupigwa kwenye bei nzima, wala hayaangalii faida.

Pili, muda. Fedha ya kadi huingia benki baadaye, mara nyingi baada ya siku moja au zaidi. Mama anayenunua ukindu asubuhi anahitaji fedha mkononi.

Tatu, mteja anaweza kuyapinga malipo kwenye benki yake hata baada ya kuondoka na bidhaa. Muuzaji asipokuwa na ushahidi, fedha hurudishwa kwa mteja.

Nne, mashine inahitaji umeme na mtandao. Na tuseme ukweli: wapo pia wasiopenda kadi kwa sababu huacha kumbukumbu ambayo mtoza kodi anaweza kuiona. Hao hatuwatetei.

Tatizo hili halipo kwetu tu. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha ada inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mteja wa kawaida: asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 inaruhusu duka kukataa kadi ya mkopo kwa ununuzi mdogo, mradi kima cha chini kisizidi dola 10.

Hata hivyo, fedha taslimu nayo ina gharama: wizi, noti bandia, na nauli ya mtunza hazina kwenda benki.

Ushauri wangu ni huu. Hosteli ianze, kwa kuwa bili zake ni kubwa na wageni wake hutoka mbali. Vikundi visubiri. Kabla ya kusaini mkataba wowote, kamati iulize: makato ni asilimia ngapi? Fedha itaingia lini? Mashine inalipiwa kila mwezi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Nanyi wafadhili, msiifanye kadi kuwa sharti la msaada kabla akina mama hawajapiga hesabu hiyo. Faida ile ndiyo ada ya shule ya watoto wao.